Nimesafisha Gmail yenye imeili elfu thelathini na moja, hii hapa ripoti

Mi nina steshenari Mwanza, pande za Nyegezi, wateja wangu wengi ni wanachuo, na kazi yenyewe mnaijua, mtu anakuja na simu mkononi anasema kaka nitajie imeili nikutumie kitu uniprintie, anatuma, nafungua, naprinti, napiga stepla, anasepa. Sasa imeili niliyokuwa nawatajia ni ileile niliyofungua 2012 nikiwa mwanachuo mwenyewe, ndo hiyohiyo niliyojiandikishia kwenye saiti za ajira, ndo niliyofungulia akaunti ya kubeti, ndo niliyoombea skolashipu ambazo sikupata hata moja, ndo niliyonunulia simu mtandaoni mara moja tu na yule muuzaji mpaka leo ananitakia Ijumaa njema.

Jumatatu moja, wiki ya kukusanya ripoti za fildi, kaja dada mmoja ana kurasa 46 na mwisho wa kukusanya ni saa nne asubuhi. Anatuma. Natazama skrini, hamna kitu. "Kaka mbona imerudi?" Nikamwambia jaribu tena labda netiweki, akatuma tena, ikarudi tena, akanigeuzia simu nisome mwenyewe: akaunti ya unayemtumia imejaa, haipokei. Nyuma yake foleni ya watu watano na wote wanasikia. Tukahangaika na kebo, kompyuta ikagoma kuiona simu yake, mwisho akaenda kwa jirani yangu wa steshenari ya pili na wale watano wakamfuata kama vifaranga. Usiku ule nilifunga duka, nikaunga bando, nikasema leo halali mtu.

Kwa hiyo hii ni rivyu ya Gmail, ila sio Gmail yote, ni Gmail kama silaha ya kupigana na imeili usizozitaka. Nimeitumia hivyo kwa wiki tatu mfululizo na nina ya kusema.

Nianze na hali ilivyokuwa. Ambazo sijasoma: 31,412. Nafasi: 15GB zote zimekwisha. Kwa wasiojua, zile 15GB za bure sio za imeili peke yake, zinagawanywa na Drive na picha za Google Photos, yaani ni kama friji moja wapangaji watatu, mmoja akijaza nyama mwingine hana pa kuweka maziwa. Zikijaa imeili mpya hazikufikii, zinarudishwa kwa aliyetuma, ndo hilo lililomkuta yule dada.

Kosa langu la kwanza nilianzia kwenye simu. Nimelala kitandani naweka vidole, chagua, chagua, chagua, futa. Dakika arobaini zimepita nimetoa kama mia sita na kidole gumba kinauma, nikapiga hesabu nikaona kwa mwendo huu nitamaliza pasaka. Ukitaka kusafisha kwa wingi kaa kwenye kompyuta, sio ushauri wa hiari huo. Kwenye kompyuta unaandika pale juu pa kutafutia category:promotions, yanakuja matangazo yote yaliyopangwa kwenye tabo ya promosheni, unaweka tiki kwenye kile kiboksi cha juu kushoto, inachagua zile 50 za ukurasa huo tu, na hapa ndo wengi tunaishia, tunafuta 50, tunageuza ukurasa, tunafuta 50. Sasa angalia vizuri, ukishaweka tiki kuna kamstari kadogo kanatokea juu ya orodha kanakuuliza kama unataka kuchagua zote zinazolingana na ulichotafuta. Kabonyeze. Mi nilikuwa nakaona miaka yote nadhani ni urembo. Nilibonyeza, nikabonyeza futa, ikaniuliza una uhakika, nikasema ninao, na imeili elfu kumi na nane na kitu zikaondoka nikiwa namalizia chai.

Nilisikia raha aisee. Nikaenda kuangalia nafasi. Haijapungua hata kidogo.

Yaani elfu kumi na nane zote hizo, hata chembe! Nikadhani mashine inanidanganya, nikakumbuka zikifutwa zinaenda kwanza kwenye trashi na zinakaa humo siku 30 huku bado zinakula nafasi, nikaingia nikaimwaga trashi, nikasubiri, nikarudi, nimepata kama 1.3GB tu. Hapo ndo nikaelewa kwamba nilikuwa napigana na mtu siye. Tangazo moja ni maandishi na vipicha vinavyovutwa kutoka mtandaoni, ni jepesi kama karatasi ya pipi. Zinakera kwa wingi wake, zinaficha imeili ya maana, ila mlaji wa nafasi alikuwa mwingine kabisa. Nikaandika has:attachment larger:10M, yaani nionyeshe zenye atachimenti (faili lililoambatishwa) na uzito wa zaidi ya 10MB, na hapo nikaona madudu: ripoti za wanachuo tangu 2016, kazi za wanaume waliohitimu na kuoa, pawapointi zenye picha za ziwa, tasnifu ya mtu mmoja aliyonitumia mara saba kwa sababu kila akirudi kwa supavaiza anarudishwa, kwa hiyo nina safari nzima ya tasnifu yake kuanzia ya kwanza mpaka ya saba. Jumla kama 6GB. Halafu bekapu ya WhatsApp, yaani nakala ya chati zako inayohifadhiwa Google, hii wengi hatujui, zamani kwa wenye Android ilikuwa haihesabiwi ila kuanzia 2024 inahesabiwa kwenye zilezile 15, na yangu ilikuwa 4GB kwa sababu ya video za kwenye magrupu, za harusi, za mahubiri, za mtu anafukuzwa na bata. Nikaingia kwenye mipangilio ya WhatsApp nikaizuia isibekapu video, kazi ikaisha.

Kwa hiyo kama shida yako ni kujaa, usianze na matangazo, anza na atachimenti kubwa na bekapu. Kama shida yako ni kero, basi tuendelee.

Kero nayo ina sehemu mbili na watu wanazichanganya. Kuna spamu ya kweli, yule bilionea aliyekufa bila mrithi, na kuna zile ulizojiandikishia mwenyewe kwa mkono wako ukasahau. Ya kwanza Gmail anaipiga vizuri sana, Google wenyewe wanasema wanazuia zaidi ya asilimia 99.9 ya spamu na imeili za hatari, na mimi kwa upande wangu nimeingia folda ya spamu nikakuta zimejaa tele na inboksi hamna hata moja, na humo nako zinajifuta zenyewe baada ya siku 30. Kwa hilo sina neno. Tabu ni ya pili. Mashine haiwezi kujua kwamba mwaka 2015 ulikuwa unatafuta kazi ya uhasibu na sasa hutafuti. Ile saiti ya ajira haifanyi kosa lolote kukutumia, ulikubali, uliweka tiki, pengine tiki waliiweka wao ukapita haraka, lakini ipo.

Kufuta peke yake hapo ni kudeki huku bomba linamwaga. Lazima ufunge bomba, na bomba linafungwa kwa kile kitufe cha Unsubscribe, yaani kujitoa, ambacho Gmail anakuwekea juu kabisa karibu na jina la mtumaji. Kile cha juu nakipenda kuliko ile linki ya chini iliyoandikwa kwa herufi za sisimizi rangi ya kijivu, kwa sababu ya chini inakupeleka kwenye saiti yao na huko ndo vituko. Kampuni moja ya mikopo, siitaji, linki yao ilinipeleka kwenye ukurasa unaotaka nilogini kwanza, paswedi yenyewe ya 2017 nani anaikumbuka, nikaomba paswedi mpya, wakanitumia imeili ya paswedi, na kesho yake wakanitumia ya kunikaribisha tena nyumbani. Nimeenda kujitoa nimerudi na imeili mbili zaidi.

Hapo kuna kitu kilibadilika ambacho naona hakijasemwa vya kutosha. Kuanzia 2024 Google na Yahoo waliwabana watumaji wakubwa, kwa upande wa Gmail ni wale wanaotuma kuanzia imeili 5,000 kwa siku, kwamba matangazo yao lazima yawe na njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja tu na wakutoe ndani ya siku mbili, na wakilalamikiwa na watu wengi, ikifika asilimia 0.3 wanaobonyeza spamu, imeili zao zinaanza kupata shida kufika. Ndo maana siku hizi ukibonyeza kile cha juu mara nyingi inaisha hapohapo bila kupelekwa popote. Halafu Julai 2025 wakaanza kutoa kitu kinaitwa Manage subscriptions, kipo kwenye menyu ya kushoto, ukikosa bonyeza More utakiona, kinakupangia watumaji wote uliojiandikisha kwao, anayekutumia sana anakaa juu, na pembeni ya kila mmoja kuna alama ya kujitoa. Hiki ndo kimenishinda kwa utamu. Unakaa kama mwenyekiti wa kikao, wewe toka, wewe toka, wewe baki, wewe ulikuwa nani? Kwa saa moja na nusu niliwatoa watumaji 140 na ushee. Wiki ya kwanza bado zilikuwa zinadondoka moja moja, wiki ya pili zikakata.

Tahadhari moja hapa, usije ukaenda kujitoa kwenye spamu ya kweli. Kule hakuna orodha ya kutoka, ukibonyeza ile linki yao unachofanya ni kuwathibitishia kwamba imeili hii ina mtu hai anayesoma, unapanda bei. Kule ni kuripoti spamu na kupita. Mi kipimo changu, kama namkumbuka au jina lake nimewahi kuliona barabarani najitoa, kama simjui naripoti.

Nilitaka kusahau apu za kusafisha. Mdogo wangu aliyepo dukani aliniambia kaka kuna apu inafanya yote hayo kwa dakika mbili, nikadaunilodi, kitu cha kwanza inaomba ruhusa ya kusoma imeili zote. Zote! Humo ndani nina vyeti vya watu, vitambulisho vya NIDA vilivyoskaniwa, barua za kuachishwa kazi, watu wananiamini na karatasi zao. Nikaifuta. Na sio woga wa kijinga, kuna huduma moja ya Marekani inaitwa Unroll.me, ilikuwa maarufu kwa kuwatoa watu kwenye orodha, 2017 ikaja kugundulika kwamba taarifa za risiti zilizokuwa kwenye imeili za watumiaji wake zilikuwa zinauzwa, zikiwa zimetolewa majina, na 2019 ile tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawabana kwa kuwadanganya watu kuhusu kinachofanyika na imeili zao. Sisemi kila apu iko hivyo. Ila kazi yenyewe unaweza kuifanya bure ndani ya Gmail kwa usiku mmoja, ya nini kumpa mtu baki funguo za nyumba ili akufagilie uwani.

Sasa filta, hapa niliumia, na kosa ni langu asilimia mia. Filta ni sheria unayoiandikia Gmail, ikija imeili ya namna hii fanya hivi, na inatengenezwa kwenye kompyuta, kwenye apu ya simu hakuna sehemu ya kuitengenezea. Mi kwa kiherehere nikatengeneza filta inayosema imeili yoyote yenye neno ofa ifutwe moja kwa moja. Nikatembea kifua mbele siku nne. Siku ya tano msambazaji wangu wa wino na rimu ananipigia, bosi mbona hujajibu, nilikutumia bei mpya na mwisho ni leo. Nakwenda kwenye trashi naikuta imelala, kichwa cha habari: OFA YA RIMU MWISHO WA MWEZI. Bahati zile siku 30 za trashi zilikuwa hazijaisha. Nikaibadilisha ile filta, sasa hivi hazifutwi, zinaruka inboksi na kuingia kwenye lebo, yaani kama folda, nimeiita Matangazo, Jumapili jioni naipitia kama mtu anavyopekua magazeti ya zamani. Ukitengeneza filta ya kufuta jiulize mara mbili, ukitengeneza ya kuhamisha huna cha kuogopa.

Kingine nilichokipenda ni ile mbinu ya kujumlisha. Kama imeili yako ni jinalako@gmail.com ukijiandikisha mahali unaweza kuandika jinalako+ajira@gmail.com na imeili itakufikia vilevile, Gmail haijali kilichoandikwa baada ya ile alama. Faida yake unajua nani kakuuza. Mimi saiti moja ya ajira niliipa ya namna hiyo, hazikupita wiki mbili ikaja imeili ya kampuni ya bima imeandikwa kwenye anwani ileile yenye +ajira, ambayo duniani nimempa mmoja tu. Nikawaandikia wale wa ajira, kwa adabu tu, nikiwakumbusha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake ipo na inapokea malalamiko, hawakunijibu ila za bima hazijarudi tena. Wenzetu Kenya wana ya kwao ya 2019 na kamishna wake. Kasoro ya mbinu hii ni kwamba fomu nyingine zinaikataa ile alama, zinakwambia imeili sio sahihi.

Na usiitumie kwa wateja. Nilitaka ripoti za kuprinti ziwe zinajipanga zenyewe kwenye lebo yake, nikabandika manila ukutani yenye anwani ya duka ikiwa na +print, siku ya kwanza tu watatu waliandika neno "plus" kwa herufi, mmoja akaweka nyota, na mzee mmoja mwalimu mstaafu akaniuliza sasa kijana hiyo jumlisha inajumlisha na nini. Nikashusha manila. Nikafungua akaunti mpya ya duka, fupi, haina namba wala alama, haijawahi kujiandikishwa mahali popote na haitajiandikishwa, kila mwisho wa mwezi naandika older_than:30d, yaani zilizozidi siku 30, naweka tiki nabonyeza kale kamstari nafuta zote namwaga trashi. Wateja nimewabandikia tangazo kwamba kazi zao hazihifadhiwi zaidi ya miezi miwili na wameshukuru, kuna mmoja alisema afadhali maana alikuwa haamini CV yake imekaa kwangu tangu lini.

Nyota? Nampa nne kati ya tano. Ile moja nimeitoa kwa sababu kazi nzito zote ziko kwenye kompyuta na Watanzania wengi kompyuta hawana, wana simu, ile nguvu ya kuchagua elfu kumi na nane kwa mpigo ingekuwa mkononi mwao hii rivyu ingekuwa fupi. Kwa asiye na kompyuta aje steshenari yoyote akodi nusu saa, ila alogauti akimaliza, narudia, alogauti, wiki hii tu nimekuta akaunti nne za watu zimeachwa wazi kwenye mashine zangu na mmoja wao ni mchungaji.

Sasa hivi naandika hapa inboksi ina imeili tisa, mbili sijasoma. Yule muuza simu nilimwacha makusudi, nilifika kwenye jina lake kwenye ile orodha nikashindwa, miaka yote hiyo hajakosa Ijumaa hata moja. Na yule dada wa kurasa 46 alirudi wiki iliyopita, akaniuliza kabla hajatoa simu, "Kaka, leo unapokea?"